Chumvi ya Maman Iko Wapi

Jumapili ya kwanza watoto wangu walipoletwa kwenye uzio wa hospitali, nilitazama kichwa cha binti yangu kabla ya kutazama uso wake. Mimi ni msusi. Kwa miaka sita nilikuwa nimesuka vichwa vya watu katikati ya mji wa Durban, ghorofani juu ya duka la mablanketi, na jicho langu huenda kwenye nywele bila kutumwa. Mistari ilikuwa imepinda. Ule wa katikati ulianzia kwenye paji la uso, ukakata kona juu ya sikio, ukaishia pasipojulikana. Sifa, binti wa msusi, miaka tisa, alikuwa amesukwa na mtu asiyejua hata kushika kitana. Nililia chini ya barakoa yangu, na nesi akadhani ni ugonjwa unaoniliza.

Haya ninayaandika kwa ajili yako uliyeambiwa juzi kwamba kifua kikuu chako ni kile sugu, kisichosikia dawa za kawaida, na kwamba utalazwa miezi sita mbali na nyumba yako. Kuhusu dawa, watakueleza wao. Mimi nitakueleza wivu. Hakuna aliyenionya juu yake, na ulinitesa kuliko sindano.

Niliingia mwezi wa pili, joto likiwa bado linabandika shuka mgongoni. Kelele za Kombe la Dunia zilikuwa zimenyamaza miezi michache tu kabla, na mtoto mmoja wa mgonjwa mwenzangu alikuwa bado anapuliza vuvuzela lake nje ya uzio kumsalimia baba yake. Kila asubuhi tulipanga foleni kwenye benchi la korido kungoja sindano, upande wa kulia leo, upande wa kushoto kesho. Baada ya wiki tatu ulikuwa huwezi kukaa kwenye benchi hilo, kwa hiyo tulingoja tumesimama, kila mmoja ameegemea ukuta kwa bega, tukicheka wale wageni waliokuwa bado wanakaa. Baada ya sindano kulikuwa na konzi ya vidonge, na baada ya vidonge, ndoo. Ngozi yangu iligeuka rangi. Magoti yaliuma. Vidole vya mikono vilianza kufa ganzi kwenye ncha, na nikajiambia ni baridi ya asubuhi.

Mume wangu, Papa Sifa, alikuwa na kimeza cha kutengeneza simu mjini. Alitoka alfajiri na kurudi jioni. Watoto walikuwa wawili, Sifa na mdogo wake Bahati wa miaka mitano, na ndugu wa kuwaachia hatukuwa naye katika nchi nzima ya Afrika Kusini. Ndipo akajitokeza Nyambura.

Nyambura alikuwa Mkenya, mwanafunzi wa shahada ya juu, hana mume wala mtoto, anaishi chumba cha juu yetu katika jengo lilelile. Jumapili alifundisha watoto kanisani kwetu, lile kanisa la ibada ya Kiswahili ambapo Wakongomani tunaimba na Wakenya wanaangalia saa. Alikuja mwenyewe nilipokuwa nafunga begi la kwenda hospitali, akasema, "Mama Sifa, usiwe na wasiwasi. Nitakaa na watoto mpaka upone. Si hata mimi nililelewa na shangazi?" Nilimshukuru kwa machozi. Nilimwita malaika mbele ya mume wangu. Laiti ningejua jinsi neno hilo lingekuja kunikwama kooni.

Kila Jumapili baada ya ibada aliwaleta. Sisi wagonjwa tulisimama upande wa ndani wa uzio na barakoa, familia zikasimama upande wa nje, hatua kadhaa mbali, na upepo ukapita katikati. Hakuna kugusana. Nilihesabu majuma kwa kichwa cha Sifa. Mwezi wa tatu, mistari imepinda. Mwezi wa nne, imepinda kidogo. Mwezi wa tano, miti ya hospitali ikianza kukauka, mistari ilinyooka. Watu husema mgonjwa hufurahi akiona watoto wake wametunzwa. Mimi nilipoona ile mistari iliyonyooka nilihisi mtu ameingia nyumbani kwangu na kuvaa kandambili zangu.

Kisha kukaja masikio. Kila mwezi tuliingizwa kwenye kibanda chenye kuta za sponji, unavishwa vitu masikioni, unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Mwezi wa tano nilikaa na kitufe mkononi nikingoja waanze. Walikuwa wameshamaliza. Ile sindano inayoua ugonjwa huua na masikio, na inaanza na sauti nyembamba. Sauti ya mume wangu niliisikia. Redio ya wodi niliisikia. Sauti za watoto wangu zilikuwa za kwanza kuondoka.

Hebu fikiria Jumapili hiyo. Bahati anaongea, mdomo unakwenda, mikono inakwenda, na mimi nasikia upepo tu. Nyambura akainama, akamsikiliza, akacheka. Halafu akanipigia kelele kwa ile sauti yake ya darasani, ambayo nayo nilikuwa naipata nusunusu: "Anasema jino limetoka!" Alikuwa ananitafsiria mwanangu. Nikatabasamu kwa macho, maana ndiyo yaliyoonekana. Moyoni nilimtukana matusi ya Bukavu ambayo hata mume wangu hayajui.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado changu, na nitakieleza sasa kwa sababu kila kilichofuata kimetoka humo.

Nilipokuwa mdogo, vita vilituingiza msituni huko Kivu, mama yangu na sisi watoto watatu. Mama alikuwa na kifundo cha chumvi kwenye pindo la kitenge. Kila watu wenye silaha walipokaribia, alitutia punje moja moja kwenye ulimi, tunyonye, tusilie. Na alitufunga sheria. Ukipotea, jifiche, nyamaza. Usiitike jina lako, hata sauti ukiijua, kwa sababu jirani anaweza kushikiwa kisu aite watoto wa jirani yake. Tuliyaona hayo. Itika neno moja tu, ambalo mama peke yake analo. Yeye atauliza, "Chumvi ya maman iko wapi?" Wewe utajibu, "Iko kwa ulimi." Mtu mwingine akishalisikia neno, linatupwa na kutungwa jipya.

Mwaka 2008, wageni wa kutoka nchi nyingine walipofukuzwa majumbani, tulikuwa tunaishi upande wa Cato Manor. Nilimficha Sifa kabatini, Bahati nikamfunga mgongoni, nikajibana nyuma ya pazia. Mwanamke niliyemsuka wiki moja kabla alisimama mlangoni akamwita Sifa kwa jina, kwa upole, na nyuma yake niliona viatu vya wanaume. Sifa hakuitika. Waliondoka wakidhani nyumba ni tupu. Baadaye nilifungua kabati, nikauliza neno, na kale kasauti kakajibu. Tangu hapo nililikazia kwa wote wawili mpaka likawaingia damuni. Hata mume wangu hakuambiwa. Alikuwa akilalamika kwa utani kwamba ameoa jeshi.

Nyambura angeweza kuwa na nywele, na chai, na jino la Bahati. Neno hilo hakuwa nalo.

Mwezi wa saba shule zilifungwa, na kanisa likapanga kambi ya watoto kwenye milima ya Drakensberg. Walisema huko kunaweza kuanguka theluji. Jumapili kabla ya safari, Sifa alinieleza kwa vidole na kwa kuandika kwenye daftari aliloliinua juu: TUNAENDA KUONA NEIGE NA TANTINE. Neige ni theluji kwa Kifaransa chetu, na Tantine, yaani shangazi, ndiye Nyambura. Ungekuwa mama mwema ungeinua dole gumba. Mimi nilisema, kwa sauti ili Nyambura asikie, "Tantine yenu ana bahati. Yeye ataiona na nyinyi. Mi nitakufa sijaiona."

Uso wa Sifa ulibadilika. Aliandika haraka, akainua daftari: MI NITAKULETEA.

Nilifurahi. Nilirudi kitandani nimeshiba.

Alhamisi iliyofuata, wakati wa chai ya asubuhi, kabla ya sindano, Sista Zodwa alikuja na simu yangu mkononi. Yeye ndiye nesi aliyekuwa ananishikia simu siku hizo, kwa sababu wakati mwingine ilikuwa inaita pembeni yangu nami siisikii. Uso wake ulinifanya niweke kikombe chini. Nilichukua simu na kuibana kwenye sikio langu zuri.

"Mama Sifa," mume wangu alisema. "Niko huku kwa milima. Batoto habaonekane tangu jana mchana."

Theluji ilikuwa imeanguka asubuhi ya Jumatano. Watoto wote walitoka kuicheza. Baada ya chakula walihesabiwa, wawili hawapo. Pasta alimpeleka mume wangu kwa gari jioni ileile. Polisi walikuja, na watu wa milimani wenye mbwa na tochi. Walitafuta usiku mzima. Watoto walikuwa wamelala nje kwenye baridi hiyo, wangu, mmoja wa miaka mitano aliyelazimishwa soksi kila siku ya maisha yake.

"Imeonekana tu ile alama ya miguu yao, halafu neige mpya ikafunika," alisema, na hata Kiswahili kilikuwa kinampotea. "Nyambura ameita mpaka sauti imeisha. Habaitike. Mbwa walibweka fasi moja, watu wakaita, kimya. Wakaondoka."

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia hata pasta. Niliposikia kwamba Nyambura aliita na Sifa hakuitika, kitu kiliruka kifuani mwangu kwa furaha. Hakumwitikia! Watoto wangu wako kwenye barafu, hai au wafu sijui, nami ninafurahi kwamba mwanangu hakumwitikia mwanamke mwingine. Haikudumu hata pumzi mbili. Lakini ilikuwepo, na niliijua kwa jina lake.

Halafu nikaelewa kwa nini hakuitika. Nikakaa kwenye lile benchi la sindano, maumivu na yote.

Wako hai, nilijua. Wako karibu na pale mbwa walipobweka. Sifa amemziba mdogo wake mdomo kwa mkono. Wanaume wenye sare, mbwa, tochi, majina yanaitwa gizani: nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, kwa bidii, kwamba hicho ndicho kifo. Angekaa hapo kimya mpaka baridi immalize, mtoto mtiifu.

"Sista," nilisema, "nipeleke mlimani. Mimi nikiita watatoka."

Sista Zodwa alipiga magoti mbele yangu ili nione midomo yake juu ya barakoa aliyoishusha kidogo, kosa kubwa kwa kazi yake. "Eish, mama. Ni masaa matatu kwa gari. Bado unaambukiza. Na wanasema theluji nyingine inakuja mchana."

Nilishika simu. Nilijua la kufanya tangu niliposikia jina la Nyambura, na nilikuwa natafuta njia nyingine. Nilifikiri kumpa mume wangu neno. Lakini yeye alikuwa amepelekwa barabarani chini kuelekeza magari, hawezi kupanda, goti lake lina chuma tangu Lubumbashi. Aliyekuwa juu na watafutaji ni Nyambura. Alikuwa amekataa kushuka tangu jana.

"Nipe yeye," nilisema.

Simu ikapandishwa mlimani, mkono kwa mkono. Nikasikia upepo, na ndani ya upepo kitu chembamba kama mbu. Alikuwa anaongea. Labda alikuwa analia. Sikupata neno hata moja, kwa hiyo niliongea mimi.

"Nyambura. Usiwaite majina. Watu wote wanyamaze, mbwa waondoke, tochi zifichwe. Simama pale mbwa walipobwekea, uulize hivi: chumvi ya maman iko wapi. Sema 'maman', usiseme 'mama'. Watakujibu: iko kwa ulimi. Wasipojibu, songa kidogo, uliza tena. Umesikia?"

Mbu akalia. Nikampa Sista simu. "Mwambie arudie," nilisema. "Sikiliza kama amepata."

Sista Zodwa, Mzulu wa watu, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu nilizomfundisha, aliweka simu sikioni akawa anatamka polepole anachokisikia: "Chu-mvi ya maman iko wapi." Ndivyo nilivyoliona neno la mama yangu likitoka kwa mdomo wa Nyambura, likipita kwa nesi, mbele ya wagonjwa wote wa korido. Mzee mmoja aliyengoja sindano aliuliza chumvi ni nini. Nikamwambia Sista kwa Kiingereza, naye akamtajia kwa lugha yao, usawoti, na yule mzee akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa kila kitu.

Halafu nikangoja. Nimengoja mengi hospitalini, majibu ya makohozi, mizani, kibanda cha sponji. Sijawahi kungoja namna ile. Sista alinichoma sindano palepale ukutani, sikuihisi. Mzee alinipa nusu ya chungwa lake. Nililishika mkononi mpaka likapata joto.

Simu ilitetemeka kabla ya chakula cha mchana. Papa Sifa alikuwa anapiga kelele, kwa hiyo nilisikia vizuri. "Iko! Babili! Baiko bazima!" Wote wawili, wazima.

Walikuwa chini ya mwamba uliojitokeza, umbali wa kurusha jiwe kutoka njia ambayo watafutaji walipita mara mbili. Nyambura aliuliza mara moja, kimya. Akasonga, akauliza mara ya pili, na nyasi zikamjibu.

Walimpa Sifa simu. Najua alisema kitu, kwa sababu mume wangu aliniambia baadaye kwamba aliongea muda mrefu. Mimi nilisikia upepo. Nilisema "Ndiyo, mwanangu, ndiyo," kwenye upepo, mpaka wakakata.

Jinsi walivyoupita usiku ule nilikuja kuisoma kwenye daftari la Sifa. Nyambura amekulia upande wa baridi wa Mlima Kenya, kwao watoto wanapotea kwenye ukungu na kondoo. Jioni ya kwanza ya kambi aliwakalisha watoto wote akawaambia. Ukijua umepotea, simama hapohapo, usitafute njia. Usikae kwenye ardhi tupu, kusanya nyasi kavu ukalie. Nyasi nyingine jaza ndani ya jaketi, mbele na mgongoni. Funika kichwa na masikio. Mdogo akae katikati ya miguu ya mkubwa, mpumuliane. Usile theluji, inakupoza kutoka ndani. Usilale wote pamoja, mwimbiane. Na ukiitwa, itika, na usipoitwa, piga kelele. Sifa alifanya yote isipokuwa hilo la mwisho. Hilo alimwachia mama yake.

Walipanda kwa sababu theluji ya uwanjani ilikuwa imekanyagwa, na Sifa alitaka safi, ya kuniletea. Alikuwa na chupa ya siagi ya karanga ndani ya jaketi. Ukungu ukashuka wakiwa wanaijaza.

Vidole vya mguu vya Bahati vilivimba na kumenyeka, wakawalaza siku kadhaa. Jumapili moja ilipita bila wao, kisha nyingine. Ya tatu nilisimama kwenye uzio mapema nikiwa nimejipaka mafuta. Niliwaona wanashuka kwenye teksi, Bahati amevalishwa viatu vya mtu mkubwa juu ya bendeji. Sifa aliweka ile chupa chini, akaisukuma kwa mguu hadi kwenye uzio. Yalikuwa maji, yana uchafu wa nyasi. Nimeyaweka mpaka leo.

Nikasema, "Chumvi ya maman iko wapi?"

Wote wawili wakatoa ndimi nje. Ndefu, pana, mpaka Bahati akafumba macho kwa juhudi.

Sikuwa nimefikiri kwamba jibu linaweza kuonekana. Nilicheka hadi barakoa ikalowa, na nikawauliza kwa mikono, nani amewafundisha? Sifa akaandika, akainua: TANTINE. AMESEMA MAMAN HASIKII SASA, MUMJIBU KWA MACHO YAKE.

Nyambura alikuwa amesimama mbali, kwenye kivuli cha ukuta, anatazama simu yake kwa makusudi. Alikuwa amekonda. Ungetegemea nimwite. Uchungu ulinipanda upya, mkali kuliko wa mwanzo: neno nimekupa, na bado umelipamba, umelifanya zuri kuliko nilivyolipokea. Niliwapungia watoto nikageuka kuingia wodini bila kumsalimia.

Sindano ziliisha mwezi wa nane. Mwezi wa tisa, makohozi yakiwa safi mara tatu mfululizo, nilirudi nyumbani na mfuko wa vidonge vya mwaka mwingine na zaidi. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kuoga, nilimkalisha Sifa katikati ya magoti yangu nikafumua kazi yote ya Nyambura. Nilichana, nikagawa, nikaanza kusuka. Vidole havikuwa na habari. Ncha zake zilikuwa za mtu mwingine, sikujua nimeshika nywele ngapi, nikawa navuta ili nihakikishe. Sifa alivumilia mpaka machozi yakamtoka, akachukua daftari: TANTINE HAVUTAKE HIVI.

Nilipomaliza nilimpeleka mbele ya kioo. Mistari ilikuwa imepinda. Ule wa katikati ulikata kona juu ya sikio.

Nilimkataza kupanda ghorofani. Nilisema Tantine anasoma, asisumbuliwe. Nyambura naye hakushuka, alielewa, Wakenya wanaelewa haraka mlango ukifungwa. Papa Sifa aliniambia usoni, "Mama Sifa, huyu mutu alilala kwa neige sababu ya batoto yako." Nilimjibu kwamba masikio yangu hayajapona. Hiyo ni faida moja ya uziwi, ukikosa jibu unakuwa nalo.

Kisha nikawaita watoto mezani kwa kazi rasmi. Neno limesikika na watu, kwa sheria ya bibi yenu linatupwa, tunatunga jipya. Bahati alipendekeza kitu cha kuku. Sifa akaandika: TUKIBADILISHA, TANTINE HATALIJUA. Niliandika chini yake kwa mkono wangu: NDIYO. Aliisoma ile ndiyo, akafunga daftari, na siku ile hatukutunga chochote. Wala siku iliyofuata. Kila nilipolitaja, alikuwa na kazi ya shule.

Kabla sijamalizia, wewe uliye kitandani. Mtafute mtu mmoja sasa hivi, kabla ya shida, umpe kile kitu chako cha mwisho kuhusu watoto wako, kile unachokificha. Mtoto mmoja haitiki jina, mwingine hali kwa mtu mgeni, mwingine anaogopa sare. Mimi nilimpa Nyambura neno asubuhi ya Alhamisi. Ningempa mwezi wa pili, watoto wangu wangelala ndani Jumatano. Na watoto wako waambie kwamba nchi zinabadilika, kuna mahali watu wenye tochi wanakuja kuokoa. Mimi nimewaambia. Bado nasema nikitetemeka kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili, adhuhuri, joto limerudi, Papa Sifa yuko mjini, watoto wamekwenda dukani. Niliona mlango unatikisika kwenye bawaba zake, hivyo ndivyo ninavyojua kuna mtu anagonga. Katika jengo letu hakuna anayefungua hivihivi. Nikauliza, "Nani?" Mtu akajibu, na sikusikia kitu, sauti nyembamba tu nyuma ya mbao. Nikauliza tena. Ileile.

Niliufungua mlango kwa upana wa mnyororo. Nyambura alikuwa kwenye korido na sanduku kubwa, tiketi ya ndege imetokeza kwenye mfuko wa shati. Amemaliza masomo, anarudi kwao. Midomo yake ilisema kitu kirefu na cha adabu, nadhani ni kwaheri, nadhani ni samahani, ingawa samahani ilikuwa ya kwangu kutoa. Kisha akaona kwamba sisikii, akainama kushika sanduku aende.

Wivu ulikuwepo, sikudanganyi. Ulikuwa umesimama hapo pembeni yangu mlangoni na kandambili zake.

"Nyambura," nilisema. "Chumvi ya maman iko wapi?"

Mwanamke mzima, msomi, na shati lake la safari lililopigwa pasi. Alitazama kushoto na kulia kwenye korido kama kuna mtu. Halafu akatoa ulimi nje, wote, mpaka kidevuni, na machozi yakamfikia pale.

Nikatoa mnyororo.